Wasifu wa baba usiandikwe usiku mmoja: barua ya wazi kwa viongozi wa parokia na sharika zetu

Kwa maparoko, wachungaji, makatekista, wainjilisti, wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya na wenyeviti wa kamati za mazishi, mkoani Kilimanjaro na popote wanakozikwa watu wa kwetu.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Tunaowaandikia ni wale mnaotukuta pembeni ya turubai la msiba na kompyuta ya mkononi na rundo la vyeti. Tunaandika wasifu wa marehemu, tunauhakiki, tunaupeleka steshenari, na mara nyingi ni sisi tunaousoma. Baba aliyemtumikia Mungu na kulea familia kwa miaka hamsini anasomewa dakika chache za maneno ambayo yangefaa jeneza lolote, na humo humo mwaka wake wa kuzaliwa umekosewa, mtoto mmoja ameachwa, na ubatizo wake haukutajwa. Wafiwa hawana kosa. Kazi yenyewe ndiyo imepangwa vibaya, na wenye uwezo wa kuipanga upya ni ninyi.

Tazameni wiki ya msiba ilivyo. Baba amefariki Jumatatu, mazishi ni Ijumaa. Jioni ya kwanza kamati inagawana kazi: jeneza, kaburi, usafiri, maturubai na viti, chakula, kipaza sauti, daftari la rambirambi. Wasifu anapewa kijana "anayejua kompyuta". Kijana hawezi kuanza, kwa sababu faili la vyeti liko kwa kaka mkubwa aliyeko Dar es Salaam, na kaka anafika Alhamisi saa 4 usiku. Steshenari wanataka kazi kabla ya saa 2 asubuhi. Basi kijana anatafuta kwenye simu wasifu wa marehemu mwingine, anabadilisha majina na kujaza tarehe alizoambiwa na shangazi. Ndiyo sababu aya ya nne hubaki na jina la mtu mwingine, na waombolezaji mia tatu wanalisikia.

Ombi letu la kwanza ni dogo. Mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya anayefika nyumbani siku ya kwanza kuongoza sala, aondoke akiwa ameshauliza swali moja: nani anaandika wasifu, na ofisi imsaidie nini? Likiulizwa Jumatatu, siku tatu zinatosha. Likiulizwa Alhamisi, limechelewa.

Tuanze na majina, maana ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Baba wa umri wa miaka 75 au 80 huwa na majina manne au matano: la nyumbani alilopewa na babu, la ubatizo, la baba yake, la ukoo, na lile lililoandikwa kazini na karani aliyeandika alivyosikia. Kitambulisho cha taifa kinaweza kuwa na matatu kati ya hayo, kwa mpangilio mwingine. Wasifu unatakiwa uyataje yote mara moja tu, mwanzoni, kisha uchague moja hadi mwisho. Mwalimu Nyerere ni mfano ambao kila mtu anaujua: alizaliwa mwaka 1922 akaitwa Kambarage, na Julius likaja alipobatizwa mwaka 1943, akiwa kijana mwenye akili zake timamu aliyeamua mwenyewe. Mtu akiandika Julius peke yake amefuta miaka 21 ya kwanza, na akiandika Kambarage peke yake ameficha uamuzi uliomwongoza hadi kifo chake. Baba zetu wengi wa umri mkubwa ni hivyo hivyo. Jina la ubatizo lilikuwa jibu walilompa Mungu, na siku ya kuzikwa linastahili kusimuliwa lilivyopatikana.

Jambo la majina lina upande wa serikali pia. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Aliyefia hospitali, hospitali hutoa taarifa ya kifo. Aliyefia nyumbani, familia huanzia kwa mtendaji. Kisha cheti kinatolewa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Jina litakaloandikwa pale lisipofanana na la kitambulisho, benki, mafao na hati ya shamba, mama mjane atazunguka kwa mawakili kutafuta hati ya kiapo cha majina kabla hajagusa mirathi. Mwandishi wa wasifu aliyekusanya majina yote Jumanne anaweza kumpa anayefuatilia cheti karatasi moja yenye majina yote na mahali kila moja lilipoandikwa. Ni kazi ya dakika kumi, na inamwondolea mjane miezi ya usumbufu.

Sasa tarehe. Kuna umri wa kuzaliwa, kuna umri wa shule, na kuna umri wa kazi. Baba aliyechelewa kuanza darasa la kwanza alipunguzwa miaka ili apokelewe. Kazini umri huo uliopunguzwa ukaendelea kwenye faili hadi kustaafu. Tukipewa tarehe tatu tofauti, tunaamini kitabu cha ubatizo kwanza, hasa kama alibatizwa akiwa mchanga. Tarehe ile ilitajwa na mama aliyemzaa, majuma machache baada ya kujifungua, na hakuna aliyefaidika kwa kuidanganya. Kwa aliyebatizwa akiwa mtu mzima, mwaka wa kuzaliwa mle kitabuni huenda ni wa kukisia, hivyo unaandikwa "takriban". Neno takriban halimvunjii marehemu heshima. Kinachomvunjia ni tarehe 1 Januari iliyotungwa.

Hapa ndipo ofisi zenu zinapohitajika kuliko mahali pengine. Kilema kuna misheni ya Wakatoliki tangu mwishoni mwa karne ya 19. Machame Walutheri walifika mwaka 1893. Vitabu vya zamani vipo, lakini anayeandika wasifu hajui kuvisoma wala hajui kama anaruhusiwa kuviomba. Katika parokia nyingi vitabu vya zamani viliandikwa kwa Kilatini. Mjukuu anamtafuta Petro haoni, kwa sababu babu yake ameandikwa Petrus. Yosefu ni Josephus, Yohane ni Joannes. Jina la ukoo nalo liliandikwa na padre mgeni kwa tahajia ya kwao. Kwa hiyo msitafute kwa jina pekee. Tafuteni kwa mwaka, kijiji, jina la baba, jina la mama na la msimamizi wa ubatizo. Majina mawili kati ya hayo yakilingana na mwaka ukakaribia, huyo ndiye.

Kwa upande wa Wakatoliki, angalieni pia pembeni ya mstari wa ubatizo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inataka kipaimara na ndoa viandikwe kwenye kitabu cha ubatizo, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Hivyo baba aliyebatizwa Kilema akafunga ndoa Tanga au Mwanza anaweza kupatikana Kilema kwa mstari mmoja: alibatizwa lini, alipata kipaimara lini, alimwoa nani, wapi. Tumeona familia zikipiga simu mikoa mitatu kutafuta kitu kilichokuwa kimeandikwa kwa wino kwenye parokia ya nyumbani. Sharika za KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, nazo zina vitabu vyake vya ubatizo, kipaimara na ndoa, na barua za uhamisho za washarika waliohama. Tunaomba ofisi ifunguliwe kwa wafiwa siku ya pili ya msiba, na katibu apewe ruhusa ya kusoma kitabu pamoja nao. Tunaomba pia, kwa heshima yote, swali la ahadi za michango na bahasha za sadaka ambazo hazijalipwa lisiwe la kwanza kuulizwa mezani pale. Lina siku yake.

Ndoa inahitaji uangalifu wa pekee. Wazee wetu wengi walioana kimila kwanza, wakaishi, wakazaa, kisha ndoa ikafungwa kanisani miaka baadaye. Mwandishi mwenye aibu huandika mwaka wa kanisani peke yake, tuseme 1981, halafu aya inayofuata inasema mtoto wa kwanza alizaliwa 1969. Kanisa zima linapiga hesabu kimya kimya, na mama mjane ameinamisha kichwa. Andikeni yote mawili wazi: walianza maisha pamoja mwaka 1968 kwa taratibu za ukoo, na ndoa yao ikabarikiwa kanisani mwaka 1981. Hapo 1981 inasomeka kama ilivyokuwa, yaani mume na mke waliokwisha kuishi pamoja miaka 13 wanasimama mbele ya madhabahu, wamechagua tena. Ndivyo ilivyo hata kwa aliyewahi kutengwa na ushirika akarudi kundini. Kurudi kundini ni sehemu ya ushuhuda wake. Familia ikikubali, litajwe kwa sentensi moja. Ikikataa, liachwe, bila kuweka uongo mahali pake.

Tukija kwenye moyo wa jambo lenyewe, imani na malezi, ndipo wasifu nyingi zinapokauka. Sehemu ya elimu ina aya mbili, ya kazi ina aya nne na vyeo vyote, kisha linakuja hili: "Marehemu alikuwa mcha Mungu, mpenda watu, mchapakazi na nguzo ya familia. Pengo lake halitazibika." Maneno haya si ya uongo, lakini hayamwonyeshi mtu. Aliyekaa benchi la nyuma, ambaye hakumfahamu, anaondoka bado hamfahamu.

Tutoe mfano wa kubuni. Baba fundi seremala, mzee wa kanisa, watoto saba. Aya ile ile ingeweza kusomeka hivi: "Kwa miaka 22 alishika ufunguo wa kanisa. Jumapili alifika saa 11 alfajiri, akafungua madirisha, akafuta kwa kitambaa mabenchi ambayo mengi aliyapiga randa mwenyewe. Nyumbani, baada ya chakula cha jioni, alisema 'zimeni redio', na kila mtu alijua zamu yake: mmoja anasoma, mdogo kabisa anaanzisha wimbo, mama anafunga kwa sala. Alikuwa mkali. Lakini hakuruhusu mtu kulala amenuna, na yeye aliyekuwa amegomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kubisha mlango wa chumba cha watoto." Hayo ni maneno kama 70. Hayana sifa hata moja ya jumla, na uchaji wote umo. Ukali nao umo, maana kila jirani anaujua. Wasifu ukisema mtu mkali alikuwa mpole, waombolezaji hutazamana, na kuanzia hapo hawaamini hata yaliyo kweli.

Maneno ya namna hiyo hayatoki kichwani mwa mwandishi. Yanatoka kwa kuuliza watu sita, kila mmoja peke yake, dakika 15 kila mmoja: mke, mtoto wa kwanza, mtoto wa mwisho, jirani wa mpaka wa shamba, mtu aliyefanya naye kazi, na mtu aliyetumika naye kanisani. Wa kwanza na wa mwisho wote wawili, kwa sababu walilelewa na baba wawili tofauti: mmoja kijana mwenye haraka na shida ya ada, mwingine mzee mwenye subira. Msiwaulize wakiwa wamekaa pamoja sebuleni. Akianza mkubwa, wengine wote wataitikia. Na msiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Swali hilo huzaa "alikuwa mtu wa watu". Ulizeni vitu vinavyoonekana. Alisali saa ngapi, amekaa wapi? Nani aliongoza sala jioni, na asipokuwepo? Wimbo gani aliuanzisha bila kitabu? Kanisani alikaa benchi lipi? Aliomba vipi msamaha? Ada ilipopungua alifanya nini? Alimwitaje mkewe? Nani alikula kwake mara nyingi ambaye si wa familia? Kila jibu liandikwe kwa maneno ya aliyejibu, kisha likaguliwe na mtu wa pili. Jambo likisemwa na watu wawili ambao hawakukaa pamoja, liko salama kusomwa.

Watoto. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri zaidi, maana hapa ndipo msiba hugeuka ugomvi mbele ya jeneza.

Baba mcha Mungu anaweza kuwa na mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, au nje yake. Mtoto huyo, pengine sasa ana miaka 45, atakuja kuzika. Atakaa chini ya turubai asikilize majina. Jina lake lisipotajwa kuna mambo mawili: atanyamaza na kuondoka na kidonda, au atasimama kuomba kipaza sauti. Na kijitabu kilichochapishwa bila jina lake kitaibuka tena kwenye kikao cha mirathi, kikishikwa juu kama ushahidi na wanaotaka kumnyima. Utaratibu tunaoutumia ni huu. Jumanne jioni, kabla neno halijaandikwa, wakae watu wanne au watano: mama mjane, mtoto mkubwa, mzee wa ukoo, na mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya. Mama aambiwe kwanza, kwa faragha, na mtu anayemheshimu. Asiambiwe mbele ya mawifi. Wakikubaliana, majina ya watoto wote yanaorodheshwa kwa mwaka wa kuzaliwa, bila kichwa cha "watoto wa ndoa" na "watoto wengine". Maneno "mtoto wa nje" yasisomwe kanisani kamwe. Waliofariki kabla ya baba nao watajwe, kwa sababu aliwazika yeye mwenyewe, na mama hajasahau. Aliyelelewa bila kuzaliwa pale anatajwa kwa jina pia: "na aliyemlea kama mwanawe".

Ikishindikana kukubaliana, kinachobaki ni kusoma "ameacha mjane, watoto na wajukuu" bila idadi wala majina. Ni njia dhaifu, inaumiza wote sawasawa, lakini haimfuti mmoja. Padre au mchungaji asiachwe akakuta jambo hili akiwa amevaa kanzu. Orodha ya watoto imfikie mkononi siku moja kabla, imesainiwa na mama mjane na mzee wa ukoo.

Ugonjwa uandikwe kwa sentensi mbili: aliugua tangu lini, alitibiwa, alifariki lini na wapi. Jina la ugonjwa si la umma mpaka familia iseme. Historia ya kupelekwa hospitali hii ikashindikana, ile ikashindikana, huchukua dakika tatu na hugeuka lawama. Ikiwa alipokea sakramenti ya wagonjwa au alishiriki meza ya Bwana siku za mwisho, hilo litajwe kabla ya jina la hospitali.

Urefu. Kurasa mbili za A4, herufi za ukubwa wa 12, nafasi ya mstari mmoja na nusu, ni takriban maneno 700. Kwa kipaza sauti, bila kukimbia, ni dakika saba au nane. Zaidi ya hapo watu wanaanza kuangalia simu. Tarehe zisizidi saba katika maneno yanayosomwa. Nyingine zibaki kwenye kijitabu. Nakala ya msomaji ichapwe upya kwa herufi za 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zenye namba. Asisome kwenye simu: simu huzima kioo, huita, na mchana wa jua haionekani. Asiyefiwa moja kwa moja ndiye asome. Ikiwa ni lazima mtoto wa marehemu asome, awe na mtu wa pili pembeni yake mwenye nakala ile ile, anayefuata kwa kidole, ili sauti ikikatika apokee palepale. Kipaza sauti kiwe umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni. Na kabla ya yote hayo, mama mjane asomewe wasifu wote nyumbani, usiku wa kuamkia mazishi. Asiusikie kwa mara ya kwanza pamoja na umati.

Wakatoliki wana jambo la ziada. Mwongozo wa Misa unataka mahubiri mafupi katika Misa ya wafu na unakataza hotuba ya kumsifu marehemu kushika nafasi ya mahubiri. Familia nyingi hazijui, hivyo siku hiyo zinajisikia zimenyimwa. Baba Paroko, waambieni mapema: wasifu usomwe nyumbani kabla ya mwili kuondoka au kanisani kabla ya Misa kuanza, na kama kuna neno fupi la kumkumbuka ndani ya ibada, mahali pake ni baada ya sala ya komunyo, kabla ya buriani. Likielezwa Jumatano halimuudhi mtu. Likielezwa Ijumaa kwa kukatiza msomaji, linaudhi kizazi kizima.

Salamu za rambirambi nazo zinakula muda wa marehemu. Wasemaji tisa wa dakika tano ni dakika 45, na kila mmoja akitembea kutoka kiti chake, kusalimia viongozi kwa itifaki na kurudi, mmeshafika saa moja na ushee. Matokeo yake msomaji wa wasifu anaambiwa "fupisha", na kinachofupishwa daima ni sehemu ya imani. Wekeni wasemaji watano, dakika tatu kila mmoja, na wasifu usomwe kabla yao wote.

Kuhusu kijitabu, tuseme haraka. Karatasi ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu ni cha kurasa 4, 8 au 12. Ukiandaa 9, utalipia 12 na tatu zitakuwa tupu. Kurasa 8 zinatosha: jalada, ratiba, wasifu kurasa tatu, nyimbo mbili, shukrani moja. Nakala 300 za kurasa 8 ni karatasi 600, rimu moja ya 500 haitoshi. Nyimbo zichapwe beti zote, maana wageni hawana vitabu. Picha ya baba isipigwe ikiwa ndani ya fremu. Kioo huakisi dirisha. Itoeni, ilazeni mlangoni penye mwanga wa jua lisilopiga moja kwa moja, simu iwe sambamba nayo, na itumwe kama dokumenti ili WhatsApp isiipunguze. Namba za vitambulisho na za simu za mjane zisiwekwe kwenye kijitabu wala mitandaoni; matapeli hufuata misiba.

Kisha kuna msalaba. Fundi hupewa jina na tarehe kwa simu, kelele za msiba nyuma yake, na kosa linabaki kwenye saruji kihambani, yaani shambani pale nyumbani alikozikwa. Apewe karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, asome kwa sauti herufi moja moja, na mtu mmoja wa familia aende kuuona kabla rangi haijakauka.

Ombi la mwisho ndilo tunalolitamani kuliko yote. Kinachosomwa siku ya mazishi ni maneno 700, lakini waliohojiwa walisema mengi zaidi: jinsi kanisa la mtaa lilivyojengwa, nani alibeba mchanga, nani alitoa kiwanja, mwalimu wa kwanza wa kipaimara alikuwa nani. Sasa hivi karatasi hizo zinatupwa Jumapili baada ya kuanua matanga. Tunaomba kila parokia na usharika uwe na faili la kumbukumbu za waliolala. Ndani yake iwekwe nakala moja ya kijitabu, maelezo kamili ya waliohojiwa hata yakifika kurasa sita, na namba ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo na cha vifo ili mmoja akifungua hiki apate na kile. Karatasi ya kawaida, kalamu ya wino usiofutika, bahasha ya khaki, kabati kavu lisilogusa ukuta. Pini za chuma zitolewe, zinashika kutu na kula karatasi. Gharama yake haifiki bei ya shada moja la maua.

Na msisubiri msiba. Jumuiya zinakutana kila wiki. Jumuiya ikitenga mkutano mmoja, kila kaya ikajaza karatasi moja ya baba na mama wakiwa hai, wenyewe wakisimulia, nusu ya barua hii haitahitajika. Wazee wanapenda kuulizwa. Baba akiulizwa alibatizwa na nani, atawatajia, na atawaambia mvua ilikuwa inanyesha siku hiyo. Wengi huogopa kwamba ni kumtabiria mtu kifo. Kiongozi aanze kujaza ya kwake mbele yao, na hofu hiyo itapungua.

Tumeandaa karatasi hiyo. Ni ukurasa mmoja, mbele na nyuma: majina yote mbele, maswali yale ya vitu vinavyoonekana nyuma. Tuko tayari kuileta ofisini kwenu, kukaa na katibu na wazee kwa saa mbili, na kufungua nao kitabu cha kwanza. Siku ya Marehemu Wote ni tarehe 2 Novemba. Parokia zitakazotuita kabla ya hapo zitaweza kuanza na majina ya baba waliozikwa mwaka huu, wakati wajane wao bado wanakumbuka kila kitu. Sharika zitupe Jumapili yoyote, baada ya ibada ya kwanza.

Wenu katika Kristo,

Waandishi na wasomaji wa wasifu wa marehemu